Uzi Wangu kwenye Mguu wa Heroe

Marahaba, wanangu. Najua karatasi haiamkii, lakini mtu wa kwetu hawezi kuanza kuzungumza na watoto kabla salamu haijakaa mahali pake, kwa hiyo nimepokea hata ile ambayo hamkuitoa. Mwalimu wenu wa klabu ya mazingira ameniomba niwaandikie habari za kazi yangu na namna nilivyokuwa mtunza ziwa. Alitaka ukurasa mmoja. Mimi nikishika kalamu sijui kuiachia, na safari hii nina sababu.

Jina langu Daudi Ntandu. Nimefanya kazi ya mifuko kando ya ziwa Singidani tangu ujana wangu mpaka vidole vilipoanza kutetemeka. Kabla sijawaeleza lolote, jueni kwamba mimi ni mtu mwenye wivu. Si wivu wa ndoa, huo mke wangu aliuponya zamani kwa kunicheka. Ni wivu wa kazi. Nikiona mtu anafanya vizuri kitu ninachokifanya mimi, ugali haunipiti kooni siku hiyo.

Kazi yenyewe ni hii. Msimu wa alizeti ukiisha, mifuko ya salfeti, ile myeupe iliyofumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, inabaki imezagaa kila mahali, imepasuka na imelowa mafuta ya mashudu. Sisi tuliikusanya, tukaifua, tukaikausha, tukakata palipochakaa, tukatia viraka na kuishona upya. Tulifulia ziwani kwa sababu maji yake yana magadi. Ukiloweka humo mfuko wenye mafuta asubuhi, ikifika mchana mafuta yameachia bila sabuni. Baada ya hapo unaupiga kwenye jiwe, na mawe Singida hatujawahi kupungukiwa. Upepo nao hatujapungukiwa, kwa hiyo ukimaliza kufua safu ya mwisho, ya kwanza imeshakauka.

Mfuko usiuamini kwa kuutazama nje. Uinue juani, uchungulie kwa ndani, kila tundu litakuonyesha mwanga wake. Halafu ingiza kichwa chote unuse. Mimi mwanzoni nilidharau hilo la kunusa, nikamshonea mama mmoja muuza unga mfuko uliowahi kuwekwa mbolea. Alikuja na debe la unga kichwani, akalitua mbele yangu, akaniambia nikoroge uji ninywe mbele yake. Mwalimu wangu, Mzee Salehe, hakunitetea. Alileta sufuria. Sikuunywa, lakini tangu siku ile pua yangu ikawa kali kuliko ya mbwa wa mchungaji.

Mzee Salehe ndiye aliyetufundisha wote pale ziwani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alipenda kusema kwamba fundi anajulikana kwa anachokiacha chini akiondoka, si kwa anachokibeba. Mimi nilidhani anasema habari za usafi wa kawaida, kama bibi anayetaka ua ufagiliwe. Yeye ndiye aliyeleta desturi ya kila fundi kuwa na rangi yake ya uzi wa nailoni, ili mfuko ukifumuka huko Iguguno au Manyoni mwenye mfuko ajue amlaumu nani. Mimi nilichukua bluu. Nilijivunia bluu yangu. Nilikuwa nikipita mnadani naangalia midomo ya mifuko ya watu, na nikiona bluu nyingi natembea kifua mbele.

Halafu akaja Mwajuma.

Mwajuma alikuwa mjane kutoka Misigiri, Mnyiramba, mdogo kwangu kwa miaka kama minane. Alikuja kuomba kufundishwa kazi, akanisalimia shikamoo kaka, nikaitikia marahaba kwa mdomo mzito. Alichagua uzi mwekundu. Sisi Wanyaturu na Wanyiramba ni watani, basi mimi nikajificha humo humo. Nilimtania asubuhi na jioni, kwamba kwao mifuko inashonwa kwa miiba, kwamba ameacha mtama shambani aje kula samaki wetu. Alicheka na kunirudishia. Watu waliona tunapatana sana. Kumbe mimi kila akicheka nahesabu mishono yake.

Mishono yake ilikuwa midogo na iliyolingana. Ndani ya msimu mmoja wateja wangu wawili wakahamia kwake, na mmoja alikuwa shemeji yangu. Nilianza kwenda kuchota maji mbali na sehemu yangu ili tu nipite nyuma yake nione mkono wake unavyokwenda. Nilimtuma mtu anunue mfuko wake mmoja kwa siri, nikaufumua nyumbani mshono kwa mshono nipate kujua anafanyaje. Sikujua. Nilibaki na bunda la uzi mwekundu mfukoni na aibu ya mtu mzima anayeiba masomo kwa mtu aliyekuja jana.

Kilichonichoma zaidi ni kisu. Sisi wote tulikata mifuko kwa mkasi. Ni haraka, lakini salfeti ukiikata kwa mkasi, ukingo unabaki unachanua, zile nyuzi bapa zinatoka moja moja, na ukiupiga mfuko kwenye jiwe zinatawanyika majini. Mwajuma aliweka kisu kwenye jiko la mkaa. Hakukiacha kiwe chekundu, maana kikiwa chekundu kinaunguza. Alidondoshea tone la maji, likichemka na kukimbia basi kimefika. Alikata kwa mkupuo mmoja, na ukingo ukajifunga wenyewe, laini, bila uzi hata mmoja kutoka. Na ile mishono yake ya zamani aliyoifumua hakuitupa. Alishindilia vipande vyote vya uzi ndani ya mfuko mdogo, akaufanya mto wa kukalia. Kila mwaka mto ulinenepa na yeye akakaa juu zaidi.

Mzee Salehe aliniita akaniambia nijifunze kile kisu kwa Mwajuma. Nilimjibu kwamba mimi si mpishi. Alichukua shazia yake, ile sindano kubwa iliyopinda aliyoishonea tangu tunamfahamu, akampelekea Mwajuma mbele yetu sote. Nilikuwa nimemtangulia mwanamke yule kazini kwa miaka mingi. Nilikuwa nimembeba mzee mgongoni siku alipovunjika mguu kwenye mawe. Wanangu, nililia siku ile, nilikwenda nyuma ya mwamba nikalia kama mtoto aliyenyimwa nyama, na sikulia kwa sababu ya shazia. Nililia kwa sababu nilijua amempa anayestahili.

Sasa nije kwa ndege, maana ndio mwalimu wenu anaowataka.

Heroe, ambaye ninyi mnamwita flamingo, anakula kichwa kikiwa kimepinduka, anavuta maji kwa mdomo na kuyachuja. Anachokivuta hakichagui kwa jicho. Mifuko ya rambo, ile laini ya plastiki, ilipokuwa haijakatazwa, upepo uliileta yote ziwani kutoka sokoni, ikachanika chanika, na tulikuwa tukimkuta ndege amekufa na tumbo limejaa lakini mwili umekonda mifupa mitupu. Mwari, yule mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, tulimkuta na kifuniko cha chupa kimekwama kooni. Lakini vifo vya rambo na vifuniko tulikuwa na wa kumlaumu, watu wa mjini. Vifo vya nyuzi za miguuni hatukuwa na wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Heroe anatembea kwenye tope, uzi unamshika kidole, akigeuka unamzunguka, akivuta unakaza. Mguu unavimba, halafu unakatika taratibu. Ndege mwenye mguu mmoja hawezi kukimbia juu ya maji apate kuruka, na heroe asiyekimbia haruki.

Ukimkuta akiwa hai, usimvute uzi. Mfunike kichwa kwa kitambaa kwanza, gizani anatulia. Mbane mabawa kwapani, kunja miguu taratibu kwenye goti lake, na ukate uzi kuanzia upande wa ndani, ncha ya mkasi ikiangalia nje. Toa vipande vyote, hata kile kilichozama kwenye ngozi. Nimefanya hivyo mara nyingi, na mkono wangu kwa kazi hiyo ni mwepesi. Hilo tu ndilo jambo ambalo Mwajuma hakunizidi, pengine kwa sababu hakupata nafasi.

Ndege walipozidi kufa, mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Alisema mafundi wa mifuko ndio wanaotupa nyuzi, na kwa kuwa kila mmoja ana rangi yake, kazi ni rahisi: ndege atakayeokotwa na uzi wa rangi, mwenye rangi hiyo ataondoka ziwani. Wote tukakubali kwa sauti. Mzee Salehe alikuwa ameshafariki, na siku ile nilishukuru kwamba hayupo, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Asubuhi ya siku ya nne baada ya mkutano nilimkuta heroe kwenye matete ya upande wangu. Alikuwa ameshakufa, shingo imelala kwenye tope, na kwenye mguu wake wa kushoto kulikuwa na uzi wa bluu. Ulikuwa umezunguka mara nyingi mpaka mfupa unaonekana. Niliutambua kama unavyotambua mwandiko wako. Nilimfikiria mke wangu na watoto, ni kweli, lakini nisiwadanganye, niliyemfikiria kwanza ni Mwajuma. Niliwaza atakavyokaa juu ya mto wake mnene akinitazama nikifunga mkasi wangu niondoke.

Niliukata uzi wangu nikauzika kwenye tope. Nikatoa mfukoni ule uzi mwekundu nilioufumua kwenye mfuko wake na kutembea nao miaka yote, nikauzungusha mguuni mwa ndege, na nikaufunga. Nikarudi sehemu yangu nikaanza kufua. Kamati ya ufukwe, iliyowekwa na mwenyekiti kukagua ndege, ilimwona ndege yule kabla jua halijakaa sawa.

Mkutanoni, mwenyekiti aliuinua mguu wa ndege kila mtu aone. Mwajuma aliomba kuusogelea. Aliuangalia kwa muda mrefu, bila kulia. Kisha alikwenda akauleta mto wake, akaupasua kwa kisu mbele ya meza, na vipande vya uzi mwekundu vikamwagika chini, vya miaka yote, lundo la kufika magotini.

"Nyuzi zangu hizi hapa," alisema. "Sijawahi kuacha hata moja majini. Na uzi unaoshika mguu bila mkono wa mtu unajisokota tu, mwenyekiti. Huu umefungwa. Hili ni fundo la kufungia ndama. Mimi kwetu tulilima, hatukufuga."

Nilikuwa nimelifunga kwa mazoea, wanangu, mkono wenyewe ulilifunga kama baba yangu alivyonifundisha zizini, kitanzi mara mbili na kurudisha ncha chini. Lakini nusu ya watu waliokaa pale walikua wakichunga ng'ombe. Mtu mmoja nyuma akasema basi tufukuzwe wote, watu wakacheka. Mwenyekiti alisema uzi ni uzi na makubaliano ni makubaliano. Mwajuma alipokuwa akiondoka alipita mbele yangu. Aliniambia kwaheri kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mtadhani nilifurahi. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote. Uzi mwekundu ulikuwa umeondoka ziwani, na mafundi wengine wawili walikwishaacha kazi. Ndege atakayefuata akiwa na bluu, watu watajua, na wakijua hilo watakumbuka na fundo. Basi nikaanza kuamka alfajiri kuokota nyuzi zangu kabla mtu hajaziona. Nilijifunza upepo. Kiangazi unatoka mashariki, kwa hiyo taka zote zinalala upande wa magharibi, kwenye matete, na uzi unakwenda mbali kuliko chupa. Usiokote kwa mkono mtupu, tumia fimbo yenye msumari uliopinda, uuzungushe uzi kama unavyozungusha mwiko kwenye ugali. Anzia majini kurudi nchi kavu, maana ukianzia nchi kavu unazikanyaga nyuzi na kuzizamisha. Niliokota na chupa na rambo humo humo, ili anayeniona asijue ninatafuta nini.

Watu wakaniona. Walisema tazameni Ntandu, kila siku yuko ufukweni, anasafisha bila kutumwa. Wageni wakapiga picha. Nikawa naitwa kwenye sherehe za usafi, nikapewa cheti cha mtunza ziwa, na binti yangu akakitia kioo akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Kila nikitazama taarifa ya habari nakiona. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi badala ya pole nilipewa makofi.

Na hata hapo, wivu haukuniacha. Nilisikia Mwajuma yuko Ilongero, kwa dada yake, na kwamba wenye viwanda vya kukamua alizeti wanaagiza mifuko kwake. Nilisikia anafundisha wanawake. Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikapanda bodaboda nikaenda kuona kwa macho yangu, nikisema moyoni nakwenda kumsalimia mgonjwa wa jirani.

Alinisalimia shikamoo kaka kama jana. Aliniwekea kiti, akaniletea maji. Uani kwake kulikuwa na mapipa matatu. Hafui tena kwa maji ya ziwa. Analoweka mifuko kwenye maji ya majivu, ambayo yanatoa mafuta vilevile, na maji machafu anayachuja kwa kanga kuukuu kabla ya kuyamwaga, ili uzi usiende popote. Wanawake sita walikuwa wamekaa, kila mmoja na jiko lake na kisu chake. Kwa miaka yote ile mimi nilikuwa naokota nyuzi alfajiri, na yeye alikuwa amefanya nyuzi zisiwepo kabisa. Nilimwonea wivu mpaka macho yakaniuma.

Nikamwambia. Sikujipanga, maneno yalitoka yenyewe, ndege, bluu, uzi nilioufumua, fundo. Wanawake wale waliendelea kukata lakini nilijua wanasikia.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Nilikaa nikikusubiri useme. Mwaka wa kwanza nilikuchukia sana, kaka Ntandu, nilikuwa naomba dua mbaya. Halafu nikasikia unaokota. Nikasema nikimtaja leo watamfukuza, na nani ataokota?"

Niliteremka kwenye kiti nikapiga magoti nimwombe msamaha. Alinizuia kwa mkono ulioshika kisu cha moto, kwa hiyo nilisimama haraka.

"Ulinisingizia mbele ya watu," alisema. "Usinitubie hapa uani."

Nilirudi Singida nikiwa mgongoni mwa bodaboda, vumbi machoni, nikitafuta njia ya kulikwepa neno lake. Nilifikiri labda nimpe cheti. Nilifikiri labda nimwandikie barua. Kisha mwalimu wenu akaja, akaomba niwaandikie ninyi, na akanialika niseme machache kwenye mkutano wa mtaa wa Jumamosi, siku ya usafi wa ziwa, kama kielelezo cha fundi mwema.

Sikilizeni basi. Kata salfeti kwa kisu cha moto. Usifulie ziwani, tumia majivu, chuja maji. Uzi ulioufumua weka ndani ya kitu na ukikalie. Hayo yote si yangu, ni ya Mwajuma wa Misigiri, na kila mtakapoyafanya semeni jina lake, ingawa inaniuma kuandika hivyo, inaniuma kweli, mkono umesita.

Jumamosi nimekusudia kusimama na kusema kwamba ndege yule alikufa kwa uzi wangu, na kwamba Mwajuma aliondolewa ziwani kwa fundo la mkono wangu. Lakini najijua. Nikipanda pale, nikasikia makofi, naweza kuwaeleza habari za upepo na fimbo yenye msumari na kushuka. Ndiyo maana nimempa mwalimu karatasi hii siku mbili kabla. Mkae mstari wa mbele, wanangu, na mkiona nimeshukuru na kuketi bila kumtaja, mmoja wenu asimame amsomee mwenyekiti yote haya kwa sauti.